Barua kutoka Lamu: Tui bado yuko uvunguni

Shangazi mpenzi,

Nimefika Lamu salama. Boti ya kutoka Mokowe ilijaa magunia ya vitunguu, kuku ndani ya tenga, na mama mmoja aliyenipakatisha keki ya harusi njia nzima. Keki imefika haina hata ufa, nami nikamegewa ahadi ya kipande. Najua unangoja kusikia nimekula nini, lakini vumilia kidogo, kwanza nikupe habari za paka.

Mama niliyepanga chumba kwake huku Langoni ameokota paka. Mwanawe ndiye aliyemkuta ufukweni, chini ya mashua iliyopinduliwa, mshipi wa kuvulia umemkaza mguu wa nyuma mpaka umekata ngozi. Daktari wa mifugo aliukata ule mshipi, akasafisha kidonda na kutoa dawa ya minyoo. Sasa mgonjwa kapewa chumba kidogo jirani na changu. Ni jike, mweupe, mwembamba, miguu mirefu na masikio makubwa kama walivyo paka wa hapa, na tangu aingie makazi yake ni uvunguni mwa kitanda.

Leo alfajiri zamu ya kumwamkia ilikuwa yangu. Mama alinipa masharti mlangoni: nisimsimamie, nisimkazie macho, na mkono wangu usiingie kabisa uvunguni. “Pale ndipo kwake,” alisema. “Wewe piga hodi, ukae.” Basi nikakaa sakafuni, mgongo ukutani, nikamsomea gazeti kwa sauti ya chini: bei ya mafuta, kisha ligi. Nilipogeuza ukurasa wa pili akanitolea pumzi kali, khaaa! masikio yamelala. Nilimhurumia, Shangazi. Kakaribia kupoteza mguu, halafu anajikuta kafungiwa chumbani na mtu mzima asiyemjua. Hiyo si hasira hata kidogo, ni hofu tupu. Nikaendelea na ligi.

Staftahi, sasa: mahamri ya moto yenye harufu ya iliki, mbaazi za nazi nzito na chai ya tangawizi. Nilikula mpaka mama akafurahi, na mama huyu si mwepesi wa kufurahi.

Kutoka hapo nikaenda sokoni, kule karibu na Ngome, kutafuta vibua. Chini ya meza za samaki kulikuwa na mkutano mzima wa paka. Baadhi yao wamekatwa ncha ya sikio, alama kwamba wameshafungwa kizazi, asije mtu akawakamata tena bure. Muuzaji aliniuliza samaki ni wa kula mimi au wa paka. Nilipomweleza habari za mguu, akanitilia wawili wa nyongeza juu ya fungu la shilingi 100, akaniombea nifike salama. Dua ilihitajika kweli, maana kwenye kichochoro nilikutana na punda wawili wamebeba mawe ya kujengea. Nilibanwa ukutani kikapu kikiwa juu ya kichwa, nao wakapita polepole bila kunitazama.

Vibua vilichemshwa vitupu, bila chumvi wala kitunguu, kwa kuwa kitunguu ni sumu kwa paka. Mtoto wa jirani alileta kikombe cha maziwa kwa ajili ya mgonjwa. Mama akamshukuru sana, akamweleza kwamba paka wengi wakishakua maziwa huwaharisha, akamwambia ayanywe yeye. Yaliisha hapo hapo mlangoni.

Mchana nilijaribu jambo nililolisoma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex kule Uingereza walionyesha mwaka 2020 kwamba paka humsogelea zaidi mtu anayewafumbia macho polepole. Nikafumba, nikafumbua, nikatazama pembeni. Mara nyingi sikujibiwa. Kisha kule gizani macho mawili ya manjano yakafumba taratibu, yakafumbuka. Nilitaka kupiga vigelegele, nikajizuia!

Jioni kwenye baraza la kahawa, kati ya kikombe kichungu na kipande cha halua, kila mzee alikuwa na lake la kunifundisha. Mmoja alitukumbusha Abu Huraira, sahaba ambaye lakabu yake yenyewe imetokana na paka. Mwingine akanishauri niache karibu na kitanda nguo niliyoivaa, paka aizoee harufu yangu kabla ya kunizoea mimi. Huo nimeuona ushauri bora kuliko yote, na kikoi changu cha buluu sasa kiko huko.

Baada ya magharibi tukasogeza kisahani shubiri moja zaidi kutoka uvunguni. Akatoka, tumbo likikaribia kugusa sakafu, akala hatua moja tu kutoka mguuni pangu. Mara mfuniko wa sufuria ukaanguka jikoni, naye akapotea nyuma ya kabati. Hakuna aliyemfuata. Chakula kikabaki pale pale, nami nikabaki pale pale. Alirudi kwa hiari yake, akamaliza kibua, akanusa kidole changu, kisha akakisugua kwa shavu mara moja. Paka ana harufu yake kwenye mashavu, na humpaka yule anayemhesabu kuwa wake. Sikumshika wala sikumbeba, ingawa mikono iliniwasha. Alikwenda kulala juu ya kikoi, kichwa tu kikiwa nje ya uvungu.

Watoto wa nyumba wamemwita Tui, kwa weupe wake, na mkubwa wao bado ananung'unika kwamba alitaka Nahodha. Daktari atarudi kuangalia kidonda, na Tui akishapata nguvu atafungwa kizazi. Mama kanipunguzia kodi ya chumba ili niendelee na zamu ya alfajiri, nami nimekubali kabla hajamaliza kusema. Kwa hiyo mwambie Mjomba nitachelewa kurudi. Na akipatikana mtu wa kuja huku, nitumie nguo za kubadilisha, kikoi ndiyo hivyo tena kina mwenyewe.

Wako akupendaye.