Kizulu cha nini?

Ndugu zetu mlioko nyumbani huwa mnauliza: vijana wamekwenda Durban kusomea uhasibu na sheria, Kizulu cha nini? Ni kwamba Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, kilichozaliwa 2004 kwa kuunganishwa vyuo vya Natal na Durban-Westville, kiliamua kuwa kuanzia 2014 kila anayeingia shahada ya kwanza bila kukijua Kizulu, akisome. Hapo hakuna kuchagua.

Tulinung'unika, maana ada zenyewe mnazijua. Lakini darasani sisi wa Mombasa na Tanga tulijikuta tunacheka. Nyama ni inyama, nyoka ni inyoka, watu ni abantu, kufundisha ni ukufundisa. Ila ukufunda kwao ni kujifunza, na kwetu anayefunda ni kungwi! Kilichotutoa jasho ni zile sauti za kidoko, hasa ile wanayoiandika q.

Aprili 2015 wageni waliposhambuliwa hapa mjini, wengine wakauawa na maduka yao kuporwa, tuliliona somo hilo kwa jicho jingine. Ndani ya teksi tulikaa kimya, tukihofia kusikika. Aliyeweza kusema "sanibonani" na kutaja kituo chake alipumua kidogo. Kidogo tu, maana lafudhi haifichiki. Muhula ule hatukukosa kipindi hata kimoja.

Mnaofunga mizigo kuja huku, anzeni na vidoko mkiwa bado nyumbani.