Kufunika Bila Kukata

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, kuchora kwa ajili ya uchapaji pale Kariakoo kulikuwa bado kazi ya wembe. Nilijifunza katika karakana ndogo iliyochapa fulana, vitambaa vya semina na mabango ya muziki wa dansi, na kabla ya kuruhusiwa kugusa kompyuta nilikabidhiwa filamu nyekundu. Waliokulia kwenye uchapaji wa skrini wanaijua: plastiki angavu iliyobandikwa ngozi nyembamba nyekundu, ambayo kampuni ya Ulano iliiuza kwa jina la Rubylith. Unailaza juu ya mchoro, unaichanja ngozi kwa ncha ya wembe ukifuata mstari bila kuitoboa plastiki ya chini, kisha unabandua sehemu usiyoihitaji. Panapobaki pekundu mwanga haupiti, kwa hiyo dawa iliyopakwa kwenye kitambaa cha fremu haigandi; ukiimwagia maji inatoka, na hapo ndipo wino utakapopita. Palipobanduliwa mwanga unapita, dawa inaganda na kuziba.

Ile ndiyo maski ya kwanza, yaani kifuniko cha kuchagua kipite nini, niliyoishika mkononi, na ilikuwa haina huruma. Mteja akirudi jioni kusema jina la kikundi limeongezwa herufi moja, filamu nzima inatupwa, unakata nyingine. Ukishabandua, umebandua.

Fundi wetu mkuu, ambaye sote tulimwita Babu, alikuwa na ujuzi mmoja ulionivutia kuliko yote. Ilikuja kazi ya fulana za shule ya chekechea, picha ya kasuku mwenye rangi tatu: njano, buluu na kijani. Kila rangi huhitaji fremu yake, na bei waliyokubaliana na mwalimu mkuu ilitosha fremu mbili tu. Babu akachapa kwanza mwili wote wa kasuku, isipokuwa mkia, kwa wino wa njano, akauacha ukauke. Kisha akashusha fremu ya buluu, akavuta raba mara moja bila kusita, na buluu ikaangukia mkia kwenye kitambaa cheupe na bawa juu ya njano. Alipoinua fremu mkia ulikuwa wa buluu na bawa la kijani kibichi.

“Umeona, mjukuu wangu? Fremu mbili, rangi tatu. Ya tatu ni sadaka ya wino.”

Sadaka hiyo ilikuwa na masharti yake. Wino ulipaswa kuwa ule wa maji, mwepesi, unaopitisha mwanga. Wino mzito wa plastiki hufunika kilicho chini na kijani hakipatikani. Fulana ilipaswa kuwa nyeupe, kwa sababu weupe wa kitambaa ndio unaorudisha mwanga kupitia rangi zote mbili. Na njano ilipaswa kutangulia. Babu hakuwahi kutueleza habari za mwanga, lakini kila alichokifanya kilikubaliana nao.

Baadaye nikahamishiwa kwenye kompyuta, na CorelDRAW, programu ya kuchora, ikawa dunia yangu. Mstari ulionyooka bila rula, herufi zilizokuzwa hadi ukubwa wa ukuta bila kupasuka, kufuta na kurudisha: kwa mtu aliyetoka kwenye wembe, ule ulikuwa uhuru mkubwa. Ila nilipomchora yule kasuku, bawa la buluu juu ya mwili wa njano lilibaki buluu tupu. Njano ya chini ilikuwa imezikwa.

Sababu yake ilikuwa ndani ya mashine za kuchapia. Lugha iliyoziamuru, PostScript, ambayo Adobe ya kina John Warnock na Charles Geschke iliitoa mwaka 1984, iliichukulia kila rangi kuwa nzito. Kinachochorwa baadaye kinafuta kilichotangulia mahali vilipokutana, basi. Illustrator, programu ya kuchora ya Adobe, ilipotoka mwaka 1987 ilijengwa juu ya lugha hiyo, na programu nyingine za vekta zililazimika kuzungumza nayo ili kazi zichapike. Ukitaka kuliona bawa la kijani, ilibidi ukate sehemu ya makutano, uifanye umbo la tatu na kulijaza kijani. Ukitoa filamu, unakuta rangi tatu na fremu tatu, na hesabu ya Babu imekufa. Kulikuwa na amri ya kuruhusu wino mmoja uchapwe juu ya mwingine, na filamu zilitoka sawasawa, lakini kioo cha kompyuta kiliendelea kuonesha buluu. Tulibuni kwa kukumbuka. Rangi ya kweli ilikuwa kichwani mwetu na kwenye kitambaa; kompyuta haikuwa na habari nayo.

Upande wa maski mambo yalikwenda mbele mapema zaidi. Amri ya PowerClip ya CorelDRAW ilikuwezesha kuichukua picha na kuitia ndani ya umbo: soko la samaki la Feri likaonekana ndani ya herufi nene za jina la tamasha. Picha haikukatwa. Ilikuwa imefichwa tu, nzima ilivyo, na ungeweza kufungua, kuisogeza kushoto ili ngalawa ionekane vizuri, ukafunga tena. Sijui kama vijana wa leo wanaweza kuihisi furaha ile. Mteja angebadili mawazo hata mara kumi na hakuna kilichopotea. Upungufu wake ulikuwa ukingo. Umbo la kukatia linajua ndani na nje tu, halijui kufifia. Nilipotaka picha iyeyuke polepole kwenye weupe wa karatasi, nilikwenda kuitengeneza kwenye Photoshop, kisha nikairudisha ikiwa imeshaganda hivyo, haibadiliki tena.

Mwaka 2000 Illustrator ilifika toleo la 9, na humo mkawa na uwazi wa rangi, maski za kufifisha na orodha ya njia za kuchanganya rangi. Mwaka uliofuata muundo wa PDF, toleo 1.4, ukaziandika njia hizo 16 kuwa kanuni. Kwangu iliyokuwa na uzito kuliko zote ni maltiplai, na ni ya pili tu kwenye orodha. Kazi yake ni kuzidisha. Hesabu nyeupe kuwa 1 na nyeusi kuwa 0. Rangi ya juu inazidishwa kwa ya chini: nyeupe haibadilishi kitu, nyeusi inameza kila kitu, nusu kwa nusu inakuwa robo. Ndivyo wino mwepesi unavyofanya kwenye kitambaa cheupe. Kasuku alirudi, safari hii mwenye maumbo mawili na rangi tatu, na kwa mara ya kwanza kioo kilionesha alichokijua Babu.

Lakini jaribu kuchukua buluu kali kabisa ya kioo na kuizidisha kwa njano kali, kwenye faili la rangi za kioo. Utapata nyeusi tii. Njano ya kioo ni nyekundu na kijani bila buluu. Buluu ni buluu peke yake. Hakuna zinachokubaliana, na kila zao ni sifuri. Weka samawati badala ya buluu, kijani safi kinatokea. Wino uliokuwa kwenye kopo la Babu tuliuita buluu, lakini ndani yake ulikuwa na kijani cha kutosha. Mbunifu anayelijua hilo hahangaiki kuteua njia moja baada ya nyingine akitafuta bahati.

Viwandani mambo hayakwenda haraka hivyo. Miaka kadhaa baada ya uwazi kuingia kwenye programu, mitambo mingi ya kutolea pleti ilikuwa bado ikisoma PostScript, isiyojua uwazi ni nini. Ilibidi faili lisagwe kwanza: kila mahali rangi zilipopishana, programu ilikatakata vipande vidogo visivyo na uwazi na kuvipanga upya. Nakumbuka jalada la kitabu cha hadithi za watoto lililorudi kutoka kwenye kiwanda kimoja likiwa na sanduku jeupe limezunguka kivuli cha mtoto, na nyuzi nyeupe nyembamba zikipita angani pale vipande vilipoungana. Nakala zilikuwa zimeshachapwa, na kiwanda kilisema kosa ni la mchoro. Mchoro ulikuwa mzima. Kiwango cha mafaili ya kuchapwa kilichotumika wakati ule, PDF/X-1a, kilikataza uwazi kabisa. PDF/X-4, iliyokuja miaka ya baadaye, ndiyo iliyoruhusu faili lifike mtamboni na uwazi wake ukiwa hai.

Siku hizi nafanya kazi zaidi na Inkscape, programu huria iliyoanza mwaka 2003, ambayo michoro yake huhifadhiwa kwa SVG, kiwango cha wazi kilichopitishwa mwaka 2001. Mle ndani umbo la kukatia na maski ni vitu viwili mbalimbali. Unachora mstatili juu ya picha, unaujaza mteremko wa rangi kutoka nyeupe hadi nyeusi, unachagua vyote viwili, unaweka maski. Palipo peupe picha inaonekana, palipo peusi haipo, katikati inafifia. Maski inapima mng’ao, na kila rangi ina mng’ao wake: kijani safi huacha takriban asilimia 72 ya picha ionekane, buluu safi asilimia 7 tu. Toleo 1.0 lilipotoka Mei 2020, njia za kuchanganya zilianza kuandikwa kwa kanuni ileile inayosomwa na vivinjari vya intaneti, na mchoro nilioubuni ukawa unafunguka kwa mteja na rangi zilezile.

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu wanazijua amri zote hizi kwa majina, wengine wameanzia kwenye simu. Mikono yao ni miepesi kuliko yangu ilivyokuwa. Wanachokosa ni kuiona rangi ikikutana na rangi nje ya kioo, kwa hiyo wanapoambiwa kazi itachapwa kwa rangi mbili wanaona wamenyimwa kitu.

Walimu wa vyuo vya ufundi na wenye karakana, nawaombeni jambo moja. Kabla kijana hajafungua orodha ya njia za kuchanganya, mpeni fremu mbili, kopo la njano, kopo la buluu na fulana nyeupe, achape mwenyewe. Na ninyi wenye mitambo, acheni kudai mafaili yaliyosagwa. Yapokeeni yakiwa hai, kwa PDF/X-4, na mtuoneshe nakala ya majaribio kabla ya kuwasha mashine.