Barua kutoka Ujerumani: Likizo, Mipaka na Kadi ya Nyota

Likizo ya kiangazi barani Ulaya hupangwa theluji ikiwa bado barabarani. Mwezi Januari, katika viwanda, hospitali na ofisi za Ujerumani, karatasi ya likizo huanza kuzunguka, na kila mfanyakazi huandika wiki anazozitaka kabla wenzake hawajamtangulia. Sheria ya Umoja wa Ulaya inampa mwajiriwa mapumziko yenye malipo yasiyopungua wiki nne kwa mwaka. Ujerumani hiyo ni siku 20 kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, na waajiri wengi huongeza. Haki hiyo ilipiganiwa. Ufaransa iliiweka katika sheria mwaka 1936, chini ya serikali ya Léon Blum, katika kipindi cha migomo iliyotikisa viwanda nchi nzima. Zilikuwa wiki mbili tu kwa kuanzia, lakini ndizo zilizowafikisha wafanyakazi wengi baharini kwa mara ya kwanza maishani mwao.

Mwenye watoto wa shule hana uhuru mkubwa wa kuchagua. Kila jimbo kati ya majimbo 16 ya Ujerumani lina ratiba yake: likizo ndefu ni ya takriban wiki sita, na Bavaria na Baden-Württemberg hufunga shule mwisho, watoto wao wakirudi darasani katikati ya Septemba. Uholanzi nayo imegawanywa kanda tatu, ili barabara na hoteli zisielemewe kwa siku moja. Kumtoa mtoto shuleni siku mbili kabla kwa sababu tiketi ni rahisi hakuruhusiwi Ujerumani, na mzazi anaweza kupigwa faini. Nauli za ndege za kwenda Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa hupanda wiki hizohizo, na ndiyo maana familia nyingine zenye asili ya Afrika Mashariki huenda kwa zamu: mwaka mmoja nyumbani, mwaka unaofuata humuhumu Ulaya.

Agosti ina tabia yake. Italia husimama karibu yote tarehe 15, siku ya Ferragosto, na jijini Paris maduka madogo hubandika tangazo mlangoni kwamba yatafunguliwa Septemba. Madaktari wa mitaa nao huenda likizo. Mgeni anayeugua wiki hiyo hukuta mlango wa zahanati umefungwa na karatasi inayomwelekeza kwa daktari mwingine, katika lugha asiyoijua.

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anayeishi huku, swali la kwanza ni mipaka. Eneo la Schengen, lililochukua jina la kijiji kidogo cha Luxembourg ambako mkataba ulitiwa saini mwaka 1985, sasa lina nchi 29. Si kitu kimoja na Umoja wa Ulaya: Uswisi, Norway, Iceland na Liechtenstein zimo Schengen bila kuwa wanachama wa Umoja, ilhali Ireland na Cyprus ni wanachama wa Umoja lakini hazimo Schengen. Uingereza haimo kokote. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi moja ya Schengen anaweza kutembelea nyingine hadi siku 90 katika kila siku 180 bila viza, mradi pasipoti na kibali vyote viwe hai na viwe mkononi, si picha kwenye simu. Mkaazi wa Berlin huenda Paris kwa treni bila kumwomba mtu ruhusa. Akitaka kwenda London kwenye harusi ya binamu yake, ataomba viza kama aliyetoka Dodoma. Ukaguzi wa mipakani umerudi katika njia kadhaa, na polisi hupita ndani ya treni na mabasi usiku wa manane. Kusahau kibali nyumbani kunaweza kuivunja safari njiani.

Ramani ya bima ya afya haifuati ramani ya mipaka, na hapo ndipo watu wengi hukosea.

Aliye katika bima ya afya ya umma nchini Ujerumani hutembea na kadi yake mfukoni kila siku, na anaweza kukaa nayo miaka bila kuitazama upande wa pili. Mbele pana picha yake na chipu. Akiigeuza, atakuta duara la nyota za Umoja wa Ulaya, jina lake, tarehe ya kuzaliwa, namba ndefu ya kadi, na pembeni chini kulia tarehe ya mwisho wa matumizi. Upande huo wa nyuma ndio Kadi ya Bima ya Afya ya Ulaya. Ilianza kutolewa mwaka 2004 kuchukua nafasi ya fomu ya karatasi iliyoitwa E111, na haiuzwi: inatolewa bure na mfuko wa bima, au na mamlaka ya afya katika nchi ambako ni kadi ya peke yake. Ziko tovuti zinazotoza pesa kwa "kuisaidia familia kupata kadi"; pesa hiyo inapotea bure. Uingereza, baada ya kutoka katika Umoja, ilianzisha kadi yake mwaka 2021, nayo ni bure.

Kadi hiyo inampa msafiri matibabu ya lazima katika hospitali na zahanati za umma, kwa masharti yaleyale ya wenyeji. Maneno hayo mawili, "masharti yaleyale", yanahitaji kusomwa polepole. Hayana maana ya bure. Ufaransa mwenyeji hulipa kwanza, kisha hurudishiwa sehemu: daktari wa kawaida hutoza yuro 30, na bima ya umma hurudisha asilimia 70, ikikata yuro mbili zaidi. Mgeni naye atafanyiwa hivyo. Ujerumani aliyelazwa huchangia yuro 10 kwa siku, kwa siku zisizozidi 28 kwa mwaka. Uhispania zahanati ya umma haitoi ankara kwa mwenye kadi, lakini hoteli nyingi za pwani, mgeni akilalamika tumbo, humwita daktari binafsi, ambaye kadi hiyo kwake ni plastiki tu. Anayetaka kuitumia aulize kabla ya kuvua shati: je, hapa ni huduma ya umma?

Kuna jambo ambalo Waafrika Mashariki wengi huku hawajaambiwa. Mtu asiye raia wa nchi ya Umoja, hata akiishi kihalali Ujerumani na kukatwa michango ya bima kila mwezi, ana haki ya kadi hii, na inafanya kazi Ufaransa, Italia, Uhispania, Ugiriki na kwingineko katika Umoja. Lakini kwa uraia wake haikubaliwi Denmark, Norway, Iceland, Liechtenstein wala Uswisi. Mkenya na Mjerumani wanaolipa mfuko uleule wa bima, wakivunjika miguu pamoja kwenye mlima mmoja wa Uswisi, mmoja anatibiwa kwa kadi na mwingine analetewa ankara ya bei kamili. Ni ukuta usioonekana, na kwa haki haupaswi kuwapo. Ila maadamu upo, mwenye pasipoti ya Afrika asivuke kwenda Copenhagen au Zürich bila bima nyingine. Wanafunzi nao wajiangalie: Ujerumani, waliopita umri wa miaka 30 na wale wa kozi za lugha mara nyingi wako katika bima binafsi, na kadi zao hazina nyota nyuma.

Hata kwa raia, kadi hii ina mapengo. Hailipi hospitali binafsi, hailipi helikopta ya uokoaji milimani, haimrudishi mgonjwa nyumbani kwa ndege, na haimhusu aliyesafiri kwa nia ya kwenda kutibiwa. Mapengo hayo huzibwa na bima ya safari, ambayo Ujerumani huuzwa kwa mwaka mzima kwa bei ndogo kuliko chakula cha jioni cha familia mgahawani. Katika mkataba wake kuna mstari mmoja wa kutafuta: kurudishwa kwa mgonjwa au kwa maiti, na kurudishwa wapi. Mikataba mingine hurudisha Ujerumani, mingine nchi ya asili. Kila aliyewahi kuwa katika kundi la WhatsApp la Waswahili wa mji wowote wa Ulaya anaijua ile michango inayopitishwa usiku, ya kumsafirisha marehemu hadi Tanga au Kisumu. Michango hiyo ni heshima kubwa ya jamii, na pia ni mzigo ambao mstari mmoja wa mkataba ungeweza kuupunguza.

Sura nyingine kabisa hufunguka pale anayekuja likizo ni mzazi kutoka nyumbani. Kadi ya mwanawe haimhusu, hata akilala chumba kimoja na wajukuu. Anahitaji viza ya Schengen, inayoombwa si zaidi ya miezi sita na si pungufu ya siku 15 kabla ya safari, katika ubalozi wa nchi atakayokaa muda mrefu zaidi. Ada tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, na hairudi viza ikinyimwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya. Uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45, na miadi ya kuwasilisha maombi huwa adimu kuanzia Aprili. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya nje imeanza kuandikisha alama za vidole na sura badala ya mihuri, hivyo siku 90 huhesabiwa na kompyuta.

Pamoja na maombi huambatanishwa bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000, inayotambuliwa katika eneo lote la Schengen kwa muda wote wa kukaa, na inayolipia matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani kwa ugonjwa au kifo. Inaweza kununuliwa nyumbani, au mtoto akainunua huku kwa jina la mzazi. Wengi huchukua ya bei ya chini kabisa ili mradi ubalozi uikubali, na kwa mama wa miaka 70 mwenye presha na sukari hilo ni kosa linaloumiza. Mikataba mingi ina kipengele cha maradhi yaliyokuwapo kabla ya safari. Baadhi hulipa iwapo hali imebadilika ghafla; baadhi hukataa kila kinachotokana na presha, kiharusi kikiwa kimojawapo. Swali hili huulizwa kampuni kwa maandishi kabla ya kulipa, na jibu hutunzwa.

Uzito wa swali hilo uko kwenye karatasi nyingine. Ujerumani, mwenyeji anaweza kumdhamini mgeni kwa kusaini hati katika ofisi ya wageni ya mji wake, kwa ada ya yuro 29, akionyesha mishahara yake. Kwa saini hiyo anakubali kubeba gharama za mgeni, matibabu yakiwamo. Bima ikikataa kulipia kiharusi, deni la hospitali haliishii kwa mama. Linaweza kumfuata aliyesaini. Mtoto hutia saini kwa mapenzi, na inafaa aijue hati hiyo neno kwa neno katika Kiswahili kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Mkoba wa mama nao hupangwa. Dawa zake ziwe za siku zote za safari na za wiki moja zaidi, katika pakiti zake zenyewe, ndani ya mkoba wa mkononi. Insulini hasa isiwekwe kwenye sanduku la chini ya ndege, ambako inaweza kuganda. Barua ya daktari itaje jina la dawa yenyewe, mathalani amlodipine au metformin, na kipimo chake, kwa kuwa jina la kibiashara la Kariakoo halijulikani katika duka la dawa la Hamburg, na huku dawa ya presha haiuzwi bila cheti cha daktari. Dawa kali za maumivu zina masharti ya peke yake, hivyo anayezitumia aulize ubalozini mapema.

Dharura ikitokea, namba ni 112 katika nchi zote za Umoja, na hupigwa bure kwa simu yoyote. Kwa homa au kidonda kisicho cha hatari, mtu huanzia kwa daktari wa mtaa, au katika duka la dawa lenye msalaba wa kijani, ambako mfamasia hujua zahanati ipi iko wazi. Mwenye kadi ya nyota aliyeipoteza safarini huupigia simu mfuko wake, nao hutuma hati ya muda inayokubalika sawa na kadi. Mwenye bima ya safari huipigia kampuni mapema, kwa kuwa mikataba mingi hutaka ijulishwe kabla ya kulazwa. Chochote kilicholipwa mfukoni huombewa marejesho: risiti halisi yenye jina la mgonjwa, tarehe, ugonjwa na tiba iliyotolewa, kisha ushahidi wa malipo. Waliotibiwa Ufaransa wadai ile karatasi ya matibabu inayojazwa na daktari kabla ya kuondoka chumbani kwake, maana kuifuatilia kwa barua kutoka nchi nyingine huchukua miezi.