Chumba cha Majina

Andika namba zote, 1, 2, 3, bila kukoma. Halafu badilisha nafasi za chache, zilizobaki ziache palepale. Mabadilishano yote ya aina hiyo yanaunda kundi lisilo na mwisho, na mwaka 1964 Mjerumani Elmar Thoma alipata karakta zake zote za msingi. Karakta hulipa kila badiliko namba moja. Haiulizi nani ni nani. Huangalia mizunguko tu, kama ni wawili waliobadilishana au watatu waliozungushana.

Nilipolisoma hili Dar es Salaam niliona ni kitu kisicho na kazi. Sasa niko Ufipa, chini ya milima ya Mbizi, na bibi ananiita kwa jina la baba mdogo. Baba mdogo anampa jina la kaka, yule wa kwa baba mkubwa. Kaka naye, akifika kutoka Sumbawanga mjini, anapokelewa kwa jina langu. Mzunguko wa watatu. Wajukuu wengine, na si haba, hawajaguswa.

Baadhi ya karakta za Thoma zinaelezeka hata jikoni. Kila mtu anatupwa kwa bahati katika chumba kimoja kati ya viwili. Kuna uwezekano gani kwamba waliobadilishana wamo chumba kimoja? Kwa wawili ni 1/2. Kwa watatu waliozungushana, 1/4. Vyumba vikiwa vingi na vidogo mno, namba inakaribia sifuri: ukigusa chochote, huna kitu.

Daktari alimpima bibi hivyo. Siku gani? Mwezi gani? Huyu nani? Kosa, kosa, kosa. Jirani naye akanong'ona habari za uchawi, katika mji ambao jina lake, kwa Kifipa, linasemwa kuwa na maana ya "tupa uchawi". Hakuna aliyegundua kwamba bibi hajawahi kumpa shangazi jina langu. Anachanganya ndani ya chumba.

Nilimweleza mama. Akaendelea kupepeta ulezi, kisha akasema, "Na kuta zikianguka, mwanangu?"

Thoma ana jibu. Chumba kikibaki kimoja, kila badiliko linapata 1. Hakuna kosa tena, kwa kuwa hakuna mtu anayetofautishwa na mwingine.

Mama ni mkwe wa bibi, si mtoto wake. Jumapili iliyopita bibi alimwita kwa jina la shangazi, mara mbili, akitaka maji. Mama aliitika, akampelekea.