Mtoto akibuni nchi yake, ingia

Mama mmoja wa Kirumba, Mwanza, alimkuta mwanawe wa darasa la nne na wenzake wakicheza nchi waliyoibuni: ramani kwenye daftari, dadu ya ludo, mfalme, wavuvi, joka la ziwani. Badala ya kuwafokea wakasome, akauliza, “Baba, watu wenu wanaogelea wapi?”

Mtoto akaonyesha kwenye matete. “Hapa. Hata sisi tunaogelea hapahapa, kule ziwani.”

Humo ndimo hukaa konokono wa kichocho, na vimelea hupenya ngozi mtu akiwa majini. Kesho yake mtoto akapimwa choo, akakutwa navyo, akapewa praziquantel.

Mzazi, ingia kama mgeni. Mwenyeji humtembeza mgeni kote, hata kule alikokuwa akikuficha.