Shufwa, Witiri na Ishara ya Kupokea

Wanachuo wengi huliona somo la namba shufwa na namba witiri kuwa jepesi mno: kipindi kimoja, zoezi moja, basi. Sisi tumezoea kulipanua kwa mfano utokao ndani ya kompyuta, kwani mfano huo huifafanua pia kazi yetu ya ualimu.

Mikroprosesa hupokea data kutoka kumbukumbu kwa njia za umeme, kila njia ikichukua biti moja, yaani 0 au 1. Tuchukue PowerPC 603, iliyotokana na ushirikiano wa Apple, IBM na Motorola ulioanza mwaka 1991. Ina njia 64 za data, na kila njia 8 zina moja ya ziada, ambayo darasani tunaiita mlinzi. Mlinzi huchagua 0 au 1 ili idadi ya moja zote, pamoja na yake, iwe witiri.

Chuoni tunatumia wanachuo tisa na kadi. Wanane huonyesha herufi A kama kompyuta iandikavyo: 01000001. Moja ziko mbili, nazo ni shufwa; kwa hiyo mlinzi huinua 1, zikawa tatu. Tukigeuza kadi moja kwa siri, idadi huwa shufwa na kosa hugunduliwa mara moja. Tukigeuza mbili, idadi hubaki witiri na kosa hupita salama. Hapo wanachuo hutambua kwamba mlinzi hukamata kosa moja, wala hathibitishi kwamba kila kitu ni sahihi.

Zaidi ya mlinzi, zipo ishara tatu za kukamilisha upokezi. TA husema: data iko tayari, pokea. DRTRY hufuata katika pigo la pili na kusema: uliyopokea usiitumie, ngoja. TEA husema: imeshindikana, hapo upokezi hukatizwa. Bila ishara yoyote mikroprosesa hungoja tu.

Zingatieni kwamba TA hueleza kuwa data imefika, si kwamba ni sahihi. Tukikagua mazoezi ya kufundisha, mara nyingi tunasikia, "Mmeelewa?" na darasa zima likiitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Mwalimu huendelea. Siku moja, baada ya itikio la namna hiyo, tulifungua daftari la mtoto wa dawati la nyuma. Chini ya neno witiri alikuwa ameandika 12, 30 na 14. Itikio la wenzake lilimfunika, naye alikuwa karibu kuingia somo la pili na kosa lake.

Kwa hiyo, katika andalio la somo, kila hatua iwekeeni mlinzi wake: swali fupi ambalo kila mtoto analijibu peke yake, kwa kuandika. Wala msitosheke na jibu sahihi. Makosa mawili yaweza kufidiana na kuzaa jibu la kweli, kama zile kadi mbili. Mwambieni mtoto aeleze njia aliyoipita. Na mkigundua kwamba maelezo yenu yamefika yakiwa yamepotoka, semeni waziwazi: "Hilo lifuteni, tulirudie." Dakika tano za kurudia ni nafuu kuliko mwaka mzima wa kujenga juu ya kosa.