Jalada Nalo Lina Jina

Kazi yangu ni kusanifu kurasa, na sehemu kubwa ya ninachokijua nilikipata kwenye majarida ambayo hayakuandikwa kwa ajili yangu. Ni majarida ya muziki ya Uingereza ya miaka ya 1990: NME, Melody Maker, Kerrang!, Smash Hits, Select, Q, Mojo. Waliokuwa wakiyatengeneza hawakumfikiria binti wa Tanga aliyeingia Birmingham mwaka 1993 akiwa na mama yake na Kiingereza cha kuombea maji. Hata hivyo yalinishika mkono. Natoa ushuhuda huu kwa shukrani, kwa kuwa mengi kati yake yameshakufa, na kwa kuwa naamini yaliyonipata mimi yana faida kwa yeyote anayepanga maneno ya Kiswahili kwenye karatasi.

Shangazi aliyetupokea alizoea kunituma maziwa kwenye duka la mtaani, na mwenye duka hakuwa mtu wa kufukuza watoto. Majarida aliyapanga kwenye rafu yakipandana, moja likifunika jingine, kiasi kwamba la nyuma liliacha kuonekana isipokuwa ukanda wa juu na ubavu wa kushoto. Jambo hilo dogo la dukani ndilo linaloamua sura ya jarida. Jina hukaa juu kabisa kwa sababu huko ndiko kunakoonekana. Maneno mazito husogezwa kushoto kwa sababu hiyohiyo. Uso wa mwanamuziki hukuzwa na macho yake huelekezwa moja kwa moja kwenye kamera, maana mtu akitazamwa husimama. Hayo nilifundishwa baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba nikipita pale, nasimama, na maziwa yanachelewa.

Lililonisimamisha kwanza ni Kerrang!. Lilianza mwaka 1981 kama nyongeza ya gazeti la Sounds, na jina lake ni mlio: ndivyo gitaa la umeme linavyosikika likipigwa nyuzi zote kwa mpigo mmoja. Hapo huhitaji kamusi. Herufi za jina zilichorwa na nyufa, kana kwamba mshindo wenyewe ndio uliozipasua, na alama ya mshangao ikaungwa mwishoni isibanduke tena. Ndani kila pembe ilijazwa, picha zikibanana, na katikati kulikuwa na mabango ya kubandika ukutani. Rekodi ilipewa alama kwa herufi K, na tano ndizo zilizokuwa za juu kabisa. Birmingham ndiko walikotoka Black Sabbath, kwa hiyo shuleni hawakukosekana wavulana wenye nywele ndefu waliobeba jarida hilo mkobani. Muziki ule sikuupenda wote na mpaka leo siupendi wote, lakini nilielewa kwamba ukurasa ule unapiga kelele kwa makusudi, kwa watu wanaotaka kelele, na kwamba kelele hizo zina ufundi wake.

Mojo lilizaliwa mwishoni mwa mwaka uleule niliofika, Bob Dylan na John Lennon wakiwa kwenye jalada la kwanza, na lenyewe lilikuwa dunia nyingine kabisa. Makala ndefu, picha za kale zisizo na rangi, sentensi zinazokwenda polepole kwa sababu mwandishi anaamini umeketi na una muda. Msomaji wake alikuwa mtu mzima mwenye mshahara, anayenunua upya kwenye CD muziki aliokuwa nao kwenye santuri enzi za ujana. Q lilishaifungua njia hiyo tangu 1986. Hakuna palipoandikwa kwamba vijana wasiguse. Herufi zenyewe zilishasema.

Lakini linalonidai shukrani kubwa moyoni mwangu ni Smash Hits. Tangu lilipoanza mwaka 1978 lilikuwa likichapisha maneno ya nyimbo zinazovuma, wimbo mzima, juu ya rangi za kupendeza. Nilikaa na redio ya shangazi, jarida mapajani, kidole kikifuata mstari kwa mstari, nikasikia jinsi Waingereza wanavyomeza nusu ya neno na kuvuta nusu nyingine. Mwalimu wangu wa Kiingereza alitamka kila neno kamili. Kwenye basi hakuna aliyezungumza kama yeye. Nyimbo ndizo zilizonifundisha masikio.

Kisha kulikuwa na utani wake. Smash Hits liliwabandika wanamuziki majina ya kuchekesha, likawavisha vyeo vya kifalme wasivyopewa na mfalme yeyote, likamwuliza mtu maarufu Jumanne ina rangi gani. Neil Tennant alikuwa mhariri msaidizi pale kabla ya kuondoka na kuvuma na Pet Shop Boys, kwa hiyo lugha ile haikuwa ya watu wasiojua wanachofanya. Kila mzaha ulitegemea mzaha wa toleo lililopita. Asiyelifuata jarida aliona upuuzi mtupu. Aliyelifuata alijiona nyumbani. Sisi wa Tanga tunalijua hilo: mtani huambiwa neno asiloambiwa mgeni. Kwa miezi nilihitaji kufafanuliwa na rafiki yangu wa darasani. Ikaja siku nikacheka kabla yake, na nikajua nimeingia ndani.

Mama hakusoma Kiingereza. Jioni moja aliyachukua majarida yangu, akayatandaza sakafuni, akayatazama anavyotazama kanga dukani. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mwanamke wa pwani haridhiki na rangi mpaka alione jina, aone linasema nini na linamfaa nani: mkwe, wifi, jirani, mume. Rangi zikimpendeza na jina likamchukiza, anaikunja anairudisha. Mama aliweka kidole kwenye maandishi makubwa ya jalada moja, akaniuliza, "Hapa wamesema nini, mwanangu? Na wanamwambia nani?"

Nimeketi kwenye madarasa na mikutano mingi ya usanifu tangu siku hiyo. Sijapata kusikia swali lililonifaa kuliko hilo.

Kwa swali la mama nilianza kulitazama upya kila jalada. Rafiki yangu alikuwa ametunza toleo la Select la Aprili 1993, lililomweka Brett Anderson wa Suede mbele ya bendera ya Uingereza, na maandishi yakiwaambia Wamarekani warudi kwao. Nilijua ugomvi ulikuwa na muziki wa Seattle, wa akina Nirvana, uliokuwa umefunika kila kitu. Hata hivyo, mhamiaji akikutana na amri ya kurudi kwao, hata kama haikutumwa kwake, haimpiti hivihivi. Nilipomtafsiria mama alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba waliolichapa hili wana watu wao, na watu wao wanajulikana.

Hapo ndipo lilipotokea badiliko ninalolishuhudia. Mpaka wakati huo niliishi nikiamini kwamba kuwa mmoja wao ni kitu ambacho watu huzaliwa nacho au hawazaliwi nacho, na mimi sikuzaliwa nacho, basi. Jalada lile lilinionyesha kwamba "sisi" ya jarida hutengenezwa. Kuna mtu aliyeketi mezani, akachagua picha hii akaacha ile, akachagua bendera, akachagua herufi nene, akaamua nani awe ndani na nani abaki nje. Ningeweza kukasirika, na kwa kiasi nilikasirika. Lakini zaidi nilipata nguvu, kwa sababu kilichotengenezwa na mtu mezani, mtu mwingine naye anaweza kuketi akatengeneza chake.

Miaka miwili baadaye likaja lile la NME. Blur na Oasis walikuwa wakitoa nyimbo mpya wiki moja, Agosti 1995. NME likatengeneza jalada lake kwa mfano wa bango la ndondi: ubingwa wa uzito wa juu wa Uingereza, Blur upande mmoja, Oasis upande wa pili. Nchi nzima ikashika pande. Blur walishinda, takriban nakala 274,000 dhidi ya 216,000. Mama alipoliona alicheka mpaka akajishika ubavu. "Haya si ya Black Star na Lucky Star?" Tanga ya ujana wake iligawanyika kwa vikundi hivyo viwili vya taarab, na miaka hiyohiyo ya 1990 Dar es Salaam ilikuwa ikigawanywa na vikundi vya TOT na Muungano, wapenzi wa Khadija Kopa huku na wa Nasma Khamis kule. Kwetu ushindani ulipiganwa kwa shairi, kwa sare za kanga, kwa noti zinazopelekwa jukwaani. NME liliuweka wote kwenye karatasi moja ambayo mpita njia aliielewa kabla hajasoma neno. Niliitazama karatasi ile nikajiuliza taarab ingekaaje pale.

Kuna sura moja zaidi lazima niitaje. Skin, mwimbaji wa Skunk Anansie, mwanamke mweusi aliyenyoa kichwa, alipotokea kwenye kurasa za Kerrang! katikati ya wale wavulana wa nywele ndefu, nilimtazama muda mrefu. Ukurasa ulikuwa uleule, kelele zilezile, na yeye hakupunguza kitu ili aenee. Nilibandika picha yake juu ya kitanda changu, na mama hakusema neno.

Chuoni, mwalimu alitugawia majalada ya majarida akiwa ameyafunika kwa karatasi nyeupe majina yote, la jarida na la wanamuziki. Alitaka tueleze msomaji ni nani, ana umri gani, ana pesa kiasi gani, anazungumzaje na rafiki zake. Mimi niliyekuwa nikipitisha wiki bila kufungua mdomo darasani nilisimama nikasema, na nilipoanza sikunyamaza upesi. Niliwaambia kwa nini nafasi tupu ya jalada hili inamwita mtu asiye na haraka tena, na kwa nini herufi ndogo zisizo na kubwa hata mwanzoni mwa jina zinamwita kijana anayetaka kuonekana hajali. Wenzangu walizaliwa ndani ya lugha ile na hawakuwa na sababu ya kuichunguza. Mimi nilikuwa nayo kila siku. Tangu asubuhi ile nilijua kazi nitakayofanya.

Melody Maker, lililoanza mwaka 1926, lilimezwa na NME mwaka 2000. Smash Hits lilifungwa 2006. NME lenyewe liliacha kuchapishwa kila wiki mwaka 2018, likiwa linagawiwa bure, na Q likafuata 2020. Maneno ya wimbo sasa yamo kwenye simu, na wimbo wenyewe unasikilizwa kabla mhakiki hajamaliza sentensi yake ya kwanza. Silaumu. Ila orodha ya nyimbo inayojipanga yenyewe kwenye simu haina mhariri wa kuulizwa swali la mama, na hilo linanihuzunisha.

Kina mama wa Kiswahili wa Birmingham na Leicester, wa Tanga, Mombasa, Unguja na Barawa, waliniomba niwatengenezee kijitabu cha usiku wa taarab. Kilikua, kikawa jarida. Jalada lake nimelipa pindo pande zote nne, picha katikati, na jina chini, kwa kuwa wasomaji wangu huko ndiko macho yao yanakoanzia. Herufi ni kubwa, maana wengi wao miwani wanaisahau nyumbani. Mwimbaji Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, nilimpa kurasa nyingi na sentensi zisizo na haraka, kama Mojo lilivyonifundisha. Wasanii tunawaita Bi Shakila, Bi Kidude. Jina tupu lingeonekana utovu wa adabu, na msomaji angelifunga jarida hapohapo. Alama za K au nyota nilizitupa. Mpenzi wa taarab hampi alama mwimbaji, humtunza. Kwa hiyo uhakiki wetu unaeleza ni ubeti gani uliowainua watu vitini, nani aliinuka kwanza, na alikuwa akimtazama nani alipokwenda kutunza. Ukurasa wa barua niliupanga kwa mfano wa kadi za salamu za redio: jina lako, unakoishi, kisha mlolongo wa unaowasalimu, mpaka Pangani na Lamu. Huo ndio unaosomwa wa kwanza kila toleo. Kuna watu waliopoteana miaka mingi na wakapatana pale.

Watoto wao sasa wamekuja na madai yao. Wanataka singeli, wanataka kurasa zinazokimbia kama muziki wenyewe, herufi zilizolala upande, rangi zinazogombana, na lugha ya Tandale na Manzese ambayo mama zao wanaikunjia uso. Nimewapa nusu. Jarida lina majalada mawili: upande mmoja taarab, ukiligeuza juu chini unaanza upande wa singeli, na pande mbili zinakutana katikati. Wapo wanaosema nimeligawa, na huenda wana haki ya kuhofu. Mama amelipindua mwenyewe, akasoma upande wa vijana kutoka mwanzo mpaka katikati, kisha akanipa malalamiko yake kwa maandishi: kijana wetu mwandishi anajua kumsema mtu, ila hajui kumsalimia. Barua yake nimeichapisha nzima, upande wa singeli, kwa herufi wanazozitaka wao, na yule kijana amekwishaniletea majibu ya kurasa mbili ambayo yanaanza na shikamoo.